Bi Kamba Anavuka Barabara Kuu

Kabla barabara haijaja, Bi Kamba alikuwa na adui mmoja tu, naye ni kivuli. Nyumba yake ya vyumba viwili ilisimama nyuma ya kiwanda cha barafu, na ukuta wa kiwanda ulikuwa mrefu kiasi kwamba jua lilipofika uani kwake lilikuwa limeshachoka, linataka kwenda kulala. Naye alikuwa dobi. Dobi asiye na jua afadhali afuge samaki. Kwa hiyo alifua nyumbani, penye bomba, kisha akajitwika beseni na kushuka ukingoni mwa mto, mwendo wa kupiga chafya mbili, ambako upepo ulikuwa wa bure na jua halikuzuiwa na mtu. Huko ndiko zilikokuwa kamba zake, zimefungwa kwenye nguzo za chuma ambazo marehemu mumewe alizichimbia mwaka ule waliooana.

Watu walisema anaitwa Bi Kamba kwa sababu ya kamba hizo. Waliomjua zaidi walisema ni kwa sababu ya kamba za aina nyingine, zile zinazopigwa kwa mdomo, maana mteja akiulizia shati lake, Bi Kamba hakukosa jibu, na jibu halikuwa fupi.

Halafu wakaja watu wa barabara.

Mpango wao ulikuwa mkubwa. Barabara kuu ingeanza darajani, ifuate mto, ipite nyuma ya hospitali, nyuma ya ukumbi wa sinema, nyuma ya kiwanda cha barafu (mji ule uliupa mto mgongo, kila kitu kilikuwa nyuma), kisha itoke mjini na kunyoosha hadi mji mwingine mkubwa, safari ya nusu siku. Kule darajani walianza kwa kusimamisha kibao cha buluu, kikubwa kama ukuta wa chumba, kikiwa na jina la mji ule wa mbali na mshale mweupe. Kibao kilitangulia, barabara ikafuata.

Injinia wa kazi ile alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, aliyekula chakula chake akiwa amesimama. Alimwambia Bi Kamba asiwe na wasiwasi. Barabara ingepita katikati ya nyumba yake na kamba zake, ndiyo, lakini lingejengwa daraja la waenda kwa miguu.

"Litakuwa wapi?" Bi Kamba akauliza.

Injinia akakunjua mchoro, akaukunjua tena, akaukunjua mpaka ukafunika beseni lote. Daraja lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, mbali huko mbele. "Hapa," akasema. "Tukifika hapa."

Hawakufika. Mgeni rasmi alikuwa amepangiwa tarehe ya kuja kuifungua barabara, na tarehe za wakubwa hazisogezwi. Barabara ilichelewa, mgeni rasmi hakuchelewa. Asubuhi aliyotia mguu mjini, lami ilikuwa imegota kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni, ukuta ambao ulitakiwa uwe umebomolewa zamani. Haukuwa umebomolewa. Hata rangi ulikuwa umepakwa upya.

Injinia akaamua kwamba utepe utafungwa palepale lami ilipoishia. Wazo lilikuwa zuri, ila hapakuwa na utepe. Kila mtu alidhani mwenzake ameubeba. Injinia akatazama huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, akaona, kwenye kamba za Bi Kamba, pazia jekundu refu likipepea.

"Mama, lile pazia ni la nani?"

"La ukumbi wa sinema. Na bado bichi."

"Tunaliazima."

"Mwanangu, kitu cha kukatwa hakiazimwi. Kitu cha kukatwa kinaombwa, tena kwa mwenyewe."

Lakini msafara wa mgeni rasmi ulikuwa umeshaonekana darajani. Pazia likachukuliwa, likatandazwa mbele ya ukuta wa kiwanda cha sabuni, mkono mmoja wa Injinia huku, na huko akashika Bi Kamba mwenyewe, kwa sababu hakukubali kuliachia. Mkasi aliopewa mgeni rasmi ulikuwa wa dhahabu, mkasi wa sherehe; haujawahi kukutana na kitambaa cha maana. Akatafuna upande mmoja, akatafuna wa pili, bendi ikapiga wimbo wake na kuumaliza na kuurudia. Mwishowe Bi Kamba akaona aibu kwa niaba ya watu wote.

"Mheshimiwa, nikivuta kidogo, wewe utabana."

Akavuta. Mgeni rasmi akabana. Pazia likakatika, watu wakapiga makofi, na barabara kuu ikawa imefunguliwa.

Jioni meneja wa ukumbi wa sinema alikuja kuchukua vitu vyake.

"Pazia langu liko wapi?"

"Limefungua barabara kuu."

"Bi Kamba," akasema kwa huzuni, "nakuvumilia siku zote. Lakini hii ya leo ni ndefu mno." Ikabidi ampeleke mpaka ukutani akajionee vipande viwili, vimefungwa kila upande kwa heshima zote, na mlinzi amewekwa asivisogelee mtu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuiongeza barabara hata unyayo mmoja. Kila Injinia alipoenda ofisini kuuliza lini wataendelea, aliambiwa, "Kuendelea na nini? Si imefunguliwa?" Akijibu kwamba haijaisha, aliulizwa kama anataka kusema mgeni rasmi alifungua kitu ambacho hakijaisha. Injinia hakutaka kusema hivyo. Akahamishiwa kwenye mabwawa.

Ikabaki barabara kuu yenye kila kitu cha barabara kuu isipokuwa urefu. Ilikuwa na njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati ukingo wa chuma wenye kufika kiunoni. Ilikuwa na mzunguko mmoja darajani na mzunguko mwingine mbele ya kiwanda cha sabuni. Ilikuwa na vibao vya kukataza mwendo wa pole. Wageni waliofuata mshale wa buluu, magodoro yamefungwa juu ya magari, walikanyaga mafuta, wakapita nyuma ya hospitali, wakapita nyuma ya sinema, wakaanza kufungua vifurushi vya chakula cha njiani, mara wamefika ukutani. Mlinzi wa kiwanda cha sabuni aliwaelekeza kwa upole. Baadaye aliweka benchi.

Na barabara ilikuwa na Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa na ofisi ndogo ya mabati karibu na daraja, sare iliyonyooka, na filimbi. Alikuwa mtu mwema, asiyekunywa, asiyetukana. Siku ya kwanza Bi Kamba aliporuka ule ukingo wa chuma na beseni lake kichwani, filimbi ililia mpaka ndege wakahama mtoni.

"Mama! Hapa hapavukwi!"

"Kamba zangu zile pale. Nyumba yangu ile pale. Nimesimama katikati, unataka nirudi au niendelee? Maana vyote viwili ni kuvuka."

Mkaguzi akafikiri. Ilikuwa kweli. Akamruhusu aendelee, lakini akamfuata hadi kwenye kamba, akavua kofia, akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za daktari.

"Sikiliza, mama yangu. Barabara kuu haina mtu wa miguu. Ndiyo inaitwa kuu. Wakija wakaguzi wakubwa wakamkuta mtu wa miguu, hata mmoja, wataishusha cheo. Itakuwa barabara tu. Na barabara tu haiwekewi mkaguzi. Nina watoto shuleni."

"Sasa nguo nianike wapi? Mdomoni?"

"Magari yanaruhusiwa," Mkaguzi akasema, na uso wake ukawaka kwa kutaka kusaidia. "Panda gari. Kwenye gari unaruhusiwa popote."

Ndivyo Gia Tatu alivyoingia katika maisha ya Bi Kamba. Alikuwa dereva wa teksi, mjane kama yeye, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyeegesha gari lake la kijani chini ya ukuta wa kiwanda cha barafu kwa sababu ya ubaridi. Jina alilipata kwa barabara ileile. Wenzake walikuwa wamebishana nani anaweza kufikia gia ya nne kabla ya ukuta. Yeye alijaribu, akajikuta anaongea na mlinzi wa kiwanda cha sabuni kupitia kioo kilichopasuka.

Utaratibu ukawa huu. Bi Kamba alipomaliza kufua, alitoa beseni mlangoni, na Gia Tatu akalipakia nyuma. Waliondoka nyumbani, ambako ni upande wa kwenda, wakashuka hadi kiwanda cha sabuni, wakazunguka, wakapanda upande wa kurudi, wakasimama kwenye kamba. Akishaanika, gari lilimchukua tena, likapanda hadi darajani, likazunguka, likamshusha mlangoni. Kuvuka mara moja kwenda na kurudi kulikuwa ni kuimaliza barabara kuu yote, pande zote mbili. Nauli haikuzungumzwa, yeye alimfulia mashati na vitambaa vya viti, na hakuna teksi mjini iliyonukia kama ile.

Basi kila siku ya jua Bi Kamba alisafiri. Wateja waliomkosa nyumbani waliambiwa na majirani, "Yuko safarini," na wakimwona ng'ambo akibana shuka walimpungia mkono kama mtu aliye nchi nyingine. Alianza kuvaa vizuri kwa ajili ya safari. Alichukua mfuko wa karanga. Alizoea kila kitu cha njiani: madirisha ya nyuma ya hospitali ambako wagonjwa waliopata nafuu walimsalimia, mlango wa nyuma wa sinema ambako meneja aligeuza uso, harufu ya sabuni iliyowajia kabla ukuta haujaonekana. Mlinzi wa kiwanda akimwona anauliza, "Za safari?" naye anajibu, "Njema, tunageuza sasa hivi."

Bintiye, muuguzi wa hospitali ile ile, alimwambia, "Mama, hama. Nitakutafutia nyumba yenye ua wa jua."

"Nikihama, nani atazipeleka nguo za watu ng'ambo?"

"Hutahitaji ng'ambo, mama!"

Lakini Bi Kamba alishaanza kuihitaji, na si kwa sababu ya nguo peke yake.

Maana Gia Tatu alikuwa na neno. Bi Kamba alilijua, kama mwanamke yeyote anavyojua, kwa jinsi alivyokuwa akikohoa kila wakikaribia kiwanda cha sabuni. Asubuhi moja alikohoa, akashika usukani kwa mikono miwili, akasema:

"Bi Kamba, mimi na wewe si watoto. Tumeona mengi. Na mtu akishaona mengi, kuna wakati anakaa anafikiri, anasema—"

Wakawa wamefika kwenye kamba. Gari haliruhusiwi kusimama pale ila kwa kushusha. Filimbi ililia. Bi Kamba akashuka na beseni lake.

Kesho yake akaketi, akafunga mlango, akasema, "Haya. Mtu anakaa anafikiri, anasema."

Gia Tatu akatoka jasho. "Bi Kamba," akaanza, "mimi na wewe si watoto. Tumeona mengi."

"Hapo tulishapita."

"Na mtu akishaona mengi—"

"Baba, hilo nalo nimelisikia. Anza pale ulipoachia."

"Siwezi," akasema yule mwanamume, kwa uchungu wa kweli. "Nimelikariri lote kwa mpigo. Nikianzia katikati linapotea."

Na wakawa wamefika.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda ambao Bi Kamba baadaye alikataa kuutaja. Kila siku ya jua hotuba ilianza mwanzo, na kila siku barabara iliisha kwanza. Siku za mvua hakukuwa na nguo, wala safari, na alikaa dirishani akilitazama gari la kijani kama mtu anayesubiri barua. Alimshauri aende polepole. Mkaguzi aliwapigia filimbi, akawaonyesha kibao cha kukataza mwendo wa pole. Alimshauri aseme haraka. Gia Tatu alisema haraka, akajichanganya, akamwambia kwamba yeye ni mengi na wameona watoto. Kuhusu kuegesha mahali wakaongea kama watu wengine, hilo hata halikuwajia. Walikuwa watu wa safari.

Hatimaye, siku moja nzuri ya upepo, hotuba ilikatika tena palepale kwenye kamba, na Gia Tatu akanyoosha mkono kufungua mlango. Bi Kamba akaushika ule mkono.

"Zunguka tena," akasema.

"Na nguo?"

"Nguo zimeshalowa. Zitalowa zaidi ya hapo?"

Wakapanda hadi darajani, wakazunguka. Wakashuka hadi kwenye sabuni, wakazunguka. Maji ya beseni yalikuwa yakivuja nyuma na kuchora mstari kwenye lami, na waliporudi waliukuta mstari wao wenyewe unawasubiri. Wagonjwa walipunga mkono, halafu wakapunga tena, halafu wakaitana madirishani. Mkaguzi aliinua filimbi, akaishusha. Walikuwa ndani ya gari, mwendo wao ulikuwa halali, hakuona kosa. Na Gia Tatu akasema yote. Yalikuwa na utangulizi mrefu, yalikuwa na habari za mama yake mzazi na habari za gari lililotangulia hili, na mahali fulani kati ya sinema na kiwanda cha barafu yakafika kwenye lenyewe: kwamba angependa waoane, kama yeye Bi Kamba haoni vibaya.

Wakazunguka kwenye sabuni, wakafika kwenye kamba.

"Simamisha," Bi Kamba akasema. "Nguo zimeanza kunuka."

Alishuka, akaanika. Alianika shati la kwanza, akaanika la pili. Gia Tatu alisimama kando ya gari bila kujali filimbi, uso umemwiva. Bi Kamba alipofika kwenye shuka kubwa akamwita amshikie upande wa pili, na walipokuwa wanalikung'uta, kila mmoja ameshika pembe zake, akamwambia juu ya shuka, "Sioni vibaya."

Binti hakufurahi. Alikuja na sare yake ya kazi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake.

"Mama, mtu huyu miaka yote hii hajawahi kukufikisha popote."

"Amenifikisha ng'ambo kila siku," Bi Kamba akasema. "Wangapi wanaweza kusema hivyo?"

Binti akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka ameshakubali.

Sasa, harusi. Bi Kamba alikuwa amefulia nusu ya mji, na kila aliyewahi kuvaa shuka safi alitaka kuwemo kwenye msafara. Yalikuja magari ya hospitali, malori ya barafu, teksi zote, gari la bendi, hata meneja wa sinema alikuja na gari lake na pazia jipya amelifunga mbele kama pambo. Msafara ungepita barabara kuu, hilo halikuwa na mjadala. Mkaguzi alijitolea kuuongoza mwenyewe, akiwa na glavu nyeupe.

Gari la maharusi likatoka darajani, likashuka kwa madaha, nyuma yake honi na vigelegele. Likafika kiwanda cha sabuni, mlinzi akapiga saluti, likazunguka, likaanza kupanda. Likafika darajani kuzunguka mara ya mwisho kabla ya kwenda ukumbini, na hapo likakuta magari yanaingia barabarani. Yalikuwa ya msafara wake. Mkia ulikuwa haujaondoka bado.

"Wapishe," Bi Kamba akasema. "Ni wageni wetu."

Gia Tatu akawapisha. Lakini mkia ulipokwisha kuingia, ulikuwa umeziba mzunguko wote, na gari la maharusi halikuwa na njia nyingine ila kujipanga nyuma ya gari la mwisho. Sasa walioongoza walikuwa wanafuata, na waliofuata waliona nyuma yao gari la maharusi, wakashangaa, wakapiga honi kwa furaha, wakadhani wamepewa heshima ya kuongoza. Msafara ukawa pete. Ulizunguka barabara kuu yote, upande wa kwenda na upande wa kurudi, bila mwanzo wala mwisho, na hakuna aliyeweza kutoka, kwa sababu kila gari lilikuwa limebanwa kati ya jamaa wawili wa bibi harusi na hakuna aliyetaka kuonekana ametoka kwenye harusi mapema.

Wakazunguka. Bendi ilipiga nyimbo zote inazozijua. Barafu kwenye malori ikaanza kuyeyuka. Shangazi mmoja wa bwana harusi alipita mbele ya Mkaguzi akiuliza ukumbi uko wapi, akapita tena akiuliza choo kiko wapi, na mara ya tatu hakuuliza, alimtazama tu. Mafuta yakaanza kuisha, gari moja baada ya jingine. Pete ikasimama.

Mamia ya watu waliovaa vizuri wakakaa ndani ya magari yao kwenye jua, kwa sababu kila mtu mjini alijua kwamba hapo hapashukwi.

Mkaguzi alisimama katikati na glavu zake. Alitazama juu, alitazama chini, alitazama vibao. Akaenda hadi kwenye gari la kijani, akainama dirishani.

"Mama," akasema, "wakishuka, hii si barabara kuu tena."

Bi Kamba alikuwa na maua kichwani na jasho shingoni. Angeweza kumwambia maneno mengi. Alikuwa ameyaweka tangu siku ile ya kwanza. Lakini alimwona yule mtu anavyotetemeka mdomo, akasema kwa upole, "Mwanangu, kile kibao cha buluu kimefungwa kwa nini?"

"Kwa nati."

"Basi kifungue kidogo. Tukimaliza utakifunga."

Mkaguzi akaleta ngazi na spana. Gia Tatu akamshikia ngazi, akiwa na suti yake ya harusi. Kibao kikashuka, kikalazwa chali kwenye majani, kikatandikwa kitambaa, na keki ikawekwa juu yake, kwa sababu hakukuwa na meza nyingine ya kuitosha. Watu wakamiminika kutoka kwenye magari. Walicheza juu ya lami, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Wagonjwa waliopata nafuu wakashuka kwa nguo za wodini. Meneja wa sinema akamwomba Bi Kamba wacheze, akamwambia sikioni kwamba lile suala la pazia ameshalisamehe, ingawa hajalisahau. Mkaguzi hakucheza. Aliketi kando ya kibao, akala keki kipande baada ya kipande, akilia kidogo. Jua lilipoanza kutua akakirudisha juu, akakaza nati zote, na kesho yake Bi Kamba alikwenda kuanika nguo zake kwa gari, kama mke wa mtu.

Miaka ikapita vizuri. Goti la Gia Tatu likaanza kukataa pedali, akaliuza gari la kijani. Mkaguzi, ambaye sasa alikula nao kila Jumapili, alitafuta njia kwenye sheria akaipata: mkokoteni wenye magurudumu manne, taa nyekundu nyuma na honi ulikuwa chombo cha moto kwa maana yote isipokuwa moto. Akausajili. Bi Kamba akapewa kibao cha namba, akaufungia mkokoteni wake, akaanza kuusukuma upande wa kwenda na upande wa kurudi, malori yakimpita, akipiga honi kwenye mizunguko. Kila mwaka ulipelekwa kukaguliwa breki. Breki ilikuwa ni yeye mwenyewe, akapita bila shida.

Halafu wakaja watu wengine, vijana wenye kofia za njano, wakasema mji umeupa mto mgongo muda mrefu mno. Barabara kuu ilikuwa inafutwa. Sasa ni njia ya watu kupunga upepo, na miti itapandwa. Ukingo wa chuma ukang'olewa, Mkaguzi akapewa kiinua mgongo, na siku ya kwanza Bi Kamba akatoka mlangoni na mkokoteni wake ili kuvuka moja kwa moja, kama zamani. Mlinzi mpya, mwanamke wa makamo mwenye sare ya kijani, akamsimamisha.

"Shikamoo mama. Hapa magari hayaruhusiwi."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Mlinzi akaonyesha kibao cha namba.

Bi Kamba akaenda kwenye ofisi ya usajili, akaomba mkokoteni wake ufutwe. Karani alikuwa na adabu, lakini alisema gari halifutwi hivihivi. Ama liwe limepata ajali ya kuliharibu kabisa, ama liwe limeibiwa.

Usiharibu mkokoteni mzuri, mume akashauri. Na kwa hiyo Jumapili, baada ya chakula, mbele ya Bi Kamba, binti, Mkaguzi mstaafu na mlinzi wa sare ya kijani ambaye naye alikuwa amekaribishwa, Gia Tatu akainuka kwenye kiti, akaunyatia mkokoteni, akauiba. Hakwenda mbali, kwa sababu ya goti. Alikwenda nao hadi nyuma ya kiwanda cha barafu, akang'oa taa, akang'oa honi, akang'oa kibao cha namba, akarudi amechoka, akaomba chai.

Jumatatu Bi Kamba akawa kituoni, kutoa taarifa.

"Ulimwona mwizi?" polisi akauliza.

"Nilimwona vizuri. Mrefu, mnyamavu, anachechemea. Shati jeupe."

"Chafu?"

Bi Kamba akamkazia macho. "Limefuliwa na kupigwa pasi, tena vizuri sana. Hilo uliandike."

Polisi akaandika. Kisha akanyanyua kichwa, akatazama nje ya dirisha, pale mama huyu alipoegesha mkokoteni wenye beseni la nguo zinazovuja maji.

"Na ule?"

"Ule?" Bi Kamba akasema, akijifunga kanga tayari kuondoka, maana jua lilikuwa limeshapanda. "Ule si gari, afande. Ule ni mkokoteni."